Springi Mpya kwa Gari la Kutu



Wengi wenu mmeliona lile gari lililofunikwa turubai la kijani kando ya nyumba yetu, na wengine mmenitania kwamba mchungaji amefungua makumbusho. Leo niwape habari zake. Nimekaa na jambo hili moyoni kwa wiki tatu, na nikiendelea kunyamaza nitakuwa nimewaficha kitu. Ni ndefu kidogo. Kama uko kazini, isome jioni.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, ile ya steshoni wagoni. Vijana wa kanisa hawalijui, lakini muulize mzee yeyote wa Nakuru. Zamani ukitaka kufika Nairobi au Kisumu upesi hukusema unapanda matatu, ulisema unapanda Peugeot. Watu walijipanga kwenye viti vya safu tatu, mizigo ikafungwa juu, na dereva akaondoka kama aliyeitwa na moto. Baba yangu hakuwahi kumiliki gari maishani mwake, lakini alijua kwamba Ove Andersson alishinda Safari Rally ya 1975 akiendesha 504, na kwamba Jean-Pierre Nicolas alirudia kazi hiyo mwaka 1978. Alilitaja jina la Nicolas kama mtu wa ukoo wetu.

Hili letu lilikuwa la mwalimu mmoja aliyefundisha Mombasa miaka mingi, nyumba yake ikiwa upande wa Likoni karibu na bahari. Alipostaafu alipanda nalo hadi huku. Alipolala katika Bwana, gari likabaki chini ya mti, miaka kumi na moja, kuku wakitaga ndani. Mjane wake ni mama yetu kanisani, nyote mnamjua ingawa simtaji, na sasa anakaribia miaka themanini. Siku moja baada ya ibada akanishika mkono.

"Pasta, lile gari la Mwalimu, lichukue. Lifanyie kazi ya Mungu. Lakini siku litakapotembea, mimi nikae mbele. Siku zote nilikaa mbele."

Nikasema, "Sawa Mama, utakaa mbele." Niliahidi kabla ya kuinama kuangalia chini yake. Mkumbuke hilo, maana ndiyo tabia yangu na ndiyo inayonileta hapa.

Injini haikutusumbua sana. Tulisafisha tangi, tukabadilisha mipira iliyopasuka, tukaweka betri, na siku ya tatu ikaunguruma, moshi mweusi ukaenda hadi kwa jirani. Breki zilichukua muda zaidi. Kilichobaki kikubwa kilikuwa springi na shokabsoba. Gari lilikuwa limekaa nyuma chini, kama kuku anayeatamia. Ukilibonyeza kona moja na kuachilia, lilipanda na kushuka mara nne, tano, kama mtumbwi. Gari lenye shokabsoba nzima ukilibonyeza hurudi juu mara moja na kutulia.

Niwaeleze kidogo, kwa sababu nami sikujua mpaka nilipofundishwa. Springi na shokabsoba si kitu kimoja. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari na kunyweka linapoingia shimoni. Lakini springi ikishanyweka hutaka kurudi, na ikirudi hupitiliza, ikarudi tena, na ikiachwa peke yake itaendelea kucheza. Shokabsoba kazi yake ni kuizuia isicheze: ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo, na ile nguvu ya kuruka inaishia hapo, inageuka joto. Springi bila shokabsoba ni mtu mwenye nguvu asiye na kiasi. (Hilo nalo lina mahubiri yake, siku nyingine.)

Sasa, 504 ya steshoni ina springi nne nyuma, mbili kila upande, kwa sababu ilijengwa kubeba mizigo. Mbele kila gurudumu lina springi moja iliyozunguka shokabsoba yake. Zetu za nyuma zilikuwa zimechoka zote, na moja ilikuwa imevunjika ncha. Kwa hiyo ilinibidi kuchagua, na uchaguzi ulikuwa wa aina tatu.

Ya kwanza, springi za mitumba. Kuna magari ya aina hii yaliyokufa mashambani, na mtu akikuvulia seti anakupa kwa bei ya chini. Shida ni kwamba springi iliyobeba magunia ya viazi miaka thelathini imechoka kama yako, ila huoni.

Ya pili, springi za kiasi kile kile ambacho gari lilitoka nacho kiwandani. Zinapatikana kwa kuagiza, unangoja, na bei yake inauma.

Ya tatu ndiyo iliyoteka roho yangu. Jamaa mmoja alikuwa na seti ngumu, waya mnene, zilizoinua gari juu kabisa. "Hizi ni za rally, Pasta," aliniambia. "Weka hizi, ubebe kanisa zima." Akanionyesha picha ya gari lingine alilolifunga. Wapendwa, lilisimama kama simba.

Na mnajua mahitaji yetu. Tuna spika nne kubwa, jenereta, stendi, keybodi, na turubai la mikutano ya injili. Kila tukienda Subukia au Molo tunakodi pickup, na kila mwisho wa mwezi mhazini ananitazama kwa macho ya huruma. Nikapiga hesabu kichwani: gari moja, springi ngumu, vyombo vyote ndani, Jumapili asubuhi linachukua wazee, mchana linaenda mkutanoni. Nikasema huu ni mpango wa Mungu. Nililipa malipo ya kwanza kwa simu palepale nikiwa nimesimama.

Fundi wetu ni mzee wa jua kali, mtu wa maneno machache, si mshirika wa kanisa letu na hata sijui kama anasali popote. Nilipomwambia nimepata springi ngumu hakujibu. Alichukua nyundo ndogo na bisibisi akalala chini ya gari. Nikasikia anagonga. Tin, tin, tin. Kisha tap. Kisha tin, tin. Kisha tap, tap, tap.

"Umesikia, Pasta?"

"Nimesikia nini, mzee?"

"Chuma kizima kinalia. Hiki kimenyamaza."

Akaniita nilale chini pamoja naye, na shati langu la kazi za ofisi, nikalala. Pale springi za nyuma zinapoegemea bodi, palikuwa pameonekana pazuri kabisa. Pamepakwa ile rangi nzito nyeusi kama lami, laini, inang'aa. Fundi akasukuma bisibisi. Bisibisi ikaingia hadi kwenye mpini. Alipoivuta, vumbi jekundu lilimwagika usoni pangu, na nyuma ya vumbi kukatoka kipande cha gazeti kilicholowekwa puti. Mtu, zamani, alikuwa ameziba shimo kwa gazeti, akalipaka rangi.

Upande wa mbele, kule juu springi inakokutana na bodi chini ya boneti, upande wa dereva palikuwa salama. Upande wa abiria palikuwa pamefura. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo ikiingia kati ya bati mbili zilizoshikana huzipanua kama chachu, na rangi inainuka kabla hujaona shimo. Upande wa abiria, mbele. Pale pale alipotaka kukaa Mama.

Ni hewa ya bahari, fundi alisema. Chumvi huingia kwenye mikunjo ya bati na kukaa na unyevu, na hata ukilihamishia gari huku juu, ile chumvi umekuja nayo.

Mimi nikamwambia, "Basi tuweke zile springi ngumu, zisaidie kubeba, maana bodi ni dhaifu."

Akaniangalia kwa muda. Sidhani alikuwa anapanga kunihubiria. Alikuwa anatafuta spana namba kumi na saba.

"Pasta, springi haimalizi uzito. Inaupeleka mahali. Springi laini ikipiga shimo inanyweka, ngumi ikifika kwa bodi imepungua. Springi ngumu hainyweki, ngumi inafika nzima. Wewe unataka kumpiga mgonjwa ngumi nzima."

Akanionyesha kwa vidole. Ukiongeza unene wa waya wa springi kutoka milimita 14 hadi 15 tu, vingine vyote vikibaki vile vile, ugumu wake unapanda karibu theluthi. Milimita moja! Macho hayaoni tofauti. Na gari likiinuliwa juu linayumba zaidi kwenye kona, kwa hiyo zile sehemu zilizooza zinavutwa kushoto na kulia pia. Hata magari ya rally, alisema, huwa yanaimarishwa bodi kwanza, viungo vinachomelewa upya, ndipo yanapewa springi za kuruka. Watu huona springi kwenye picha. Weldingi hawaioni.

"Ukifunga zile leo," alisema, "litasimama vizuri sana. Utapiga picha. Halafu siku moja, na watu ndani, springi itapanda ikaingia kwa kiti."

Nilikasirika, niseme ukweli. Si kwa fundi. Nilikasirikia gari, na pesa, na aibu ya kumwambia Mama angoje. Nikarudi nyumbani, nikakataa chakula, mke wangu akafikiri nimefunga. Usiku nikiwa kwenye maombi sikuona gari hata kidogo. Nilimwona kijana mmoja.

Hapa naomba mnivumilie. Nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika. Alisema, "Andika Pasta, lakini usiweke jina." Wale mnaomjua mtamjua. Wale msiomjua, msiulizane kwenye maoni.

Alikuja kwetu kwenye mkesha wa kufunga mwaka. Alikuwa ametoka kwenye chang'aa, miaka sita ya chang'aa, na Bwana akamshika usiku ule kweli, mimi mwenyewe nilikuwa pale. Sauti yake mnaikumbuka. Na keybodi! Mwezi wa pili alikuwa anapiga. Mwezi wa tatu anaongoza sifa. Mwezi wa nne nikamkabidhi vijana, na funguo za stoo ya vyombo, na kesha za Ijumaa. Kila mkutano nilimsimamisha atoe ushuhuda, kwa sababu watu waliposikia alikotoka walilia, na wakilia walisogea mbele. Nilikuwa na springi yangu ngumu. Nilipiga picha nyingi sana.

Sikugonga chini hata mara moja.

Sikumuuliza analala saa ngapi. Sikujua kwamba mke wake alikuwa amerudi kwao na watoto tangu kabla hajaokoka na kwamba kila Jumatatu alikuwa akipigiwa simu na baba mkwe. Sikujua ana deni kwa mtu yule yule aliyekuwa akimuuzia pombe, na kwamba ili alipe deni ilimbidi apite mlango ule ule kila wiki. Haya yote yangejulikana kwa kikombe cha chai na nusu saa. Nilimpa vipaza sauti, sikumpa nusu saa.

Jumamosi ya Pasaka alipotea. Jumapili asubuhi keybodi ilisimama peke yake, na saa nne akaletwa na boda boda hadi geti la kanisa akiwa hajiwezi, mbele ya wageni. Nami, wapendwa, mkumbuke nilichofanya, maana wengi mlikuwepo. Nilipanda madhabahuni nikahubiri juu ya mbwa anayerudia matapishi yake. Sikumtaja. Nani hakujua? Aliketi kwenye kiti cha plastiki pale nje chini ya dirisha na kipaza sauti kilikuwa kimeelekezwa nje.

Huo ni mwaka wa pili sasa. Nilisema alianguka. Nimekuwa nikitumia mfano wake kwenye semina za viongozi, kwamba wengine huokoka kwa hisia, hawana mizizi. Mpaka bisibisi ilipoingia hadi kwenye mpini na vumbi likanimwagikia usoni.

Paulo alimwonya Timotheo asiwe mwepesi wa kumwekea mtu mikono kwa haraka. Ni 1 Timotheo 5:22, kausome mwenyewe. Nimeusoma mstari huo miaka yote kama onyo la kulilinda kanisa dhidi ya watu wabaya. Usiku ule niliusoma kama onyo la kumlinda mtu dhidi yangu. Na katika mstari huo huo Paulo anazungumzia kushiriki dhambi za wengine. Ndiyo, hata hapo nilikaa muda mrefu. Yule kijana alikunywa, hilo ni lake na hakatai. Lakini aliyempakia mzigo juu ya mahali palipooza, akapaka rangi nyeusi, ni nani?

Na ile habari ya Marko 2:21, ya kiraka cha kitambaa kipya kwenye vazi kuukuu. Najua Bwana alikuwa akijibu swali la kufunga, siuvuti mstari utoke mahali pake. Lakini angalieni alivyojua kazi ya mikono: kiraka chenye nguvu kinararua kile kilicho dhaifu kando yake, na tundu linakuwa baya kuliko mwanzo. Fundi wangu alisema neno hilo hilo wiki iliyofuata, bila kujua kwamba liko kwenye Biblia. Nilimwuliza kwa nini anakata shimo liwe kubwa hivyo, maana kutu ilikuwa kama kiganja na yeye alikuwa amekata kama sinia. Akasema ukichomelea bati jipya kwenye ukingo wa kutu, moto wenyewe unaula ule ukingo, na kesho panapasuka kando ya weldingi. Lazima ukate mpaka ukutane na chuma kinachong'aa. Ndipo unaunganisha kizima na kizima.

Kwa hiyo gari limekatwa. Mama alipokuja kulitazama alishika mdomo. Lilikuwa baya kuliko siku aliponipa. Nikamweleza kwa nini, nikamwonyesha gazeti. Akalishika lile gazeti akalitazama sana, akacheka mpaka akakaa chini.

"Ni Mwalimu huyu," alisema. "Alikuwa hapendi fundi aguse gari lake. Aliniambia amelirekebisha mwenyewe."

Springi tulizochagua mwishoni ni zile za pili, za kiasi cha kiwandani. Nyuma zote nne kwa pamoja, kwa sababu ukibadilisha upande mmoja gari linakaa kama mtu mwenye kiatu kimoja. Shokabsoba ni za mafuta za kawaida, jozi kwa jozi. Yule jamaa wa springi ngumu alinirudishia sehemu ya malipo, nyingine akasema ni ya usumbufu, na sitabishana naye; usumbufu ulikuwepo. Kuna ndugu mmoja aliyependekeza tuweke vile vipande vya raba katikati ya springi kuukuu ili ziinuke. Nashukuru kwa moyo wake. Raba ile huzifanya koili chache zifanye kazi ya zote, na springi huja kuvunjika karibu na hapo. Nayo pia nimewahi kuifanya kanisani, lakini niliyoyakiri leo yanatosha.

Maana yake ni kwamba gari hili halitabeba spika nne na jenereta. Nimemwambia mhazini. Tutaendelea kukodi pickup. Litabeba watu watano, wengi wao wazee, kwa mwendo wa wazee. Kuna wanaoona tumepoteza pesa kwa gari lisilobeba vyombo, na mmoja wa wazee wa kanisa ameniambia hivyo usoni. Ana haki. Nimemjibu kwamba mizigo tuliyotaka kulibebesha haikuwa yake. Hajaridhika bado.

Kuna jambo moja la ufundi ambalo sikulitarajia, na limenifaa kuliko yote. Ile mikono ya chini ya mbele, inayoshika gurudumu, ina bushi za raba ndani. Tulifunga bushi mpya gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Nikachukua spana nikaze bolti. Fundi akanizuia. "Shika tu kwa mkono. Usikaze. Lishushe kwanza." Ukikaza gari likiwa hewani, raba inashikwa katika hali ya kuning'inia, na ukilishusha raba inabaki imesokotwa wakati wote, hata gari likiwa limesimama tu. Itapasuka mapema na utalaumu duka. Unalishusha chini, lisimame kwa miguu yake, libebe uzito wake halisi, ulitingishe likae, ndipo uingie chini ukaze.

Ni wangapi niliwakaza wakiwa hewani? Kwenye mkesha, saa nane usiku, machozi, ngoma, mikono juu, nikawa nawapa viapo na vyeo pale pale. Jumatatu walishuka chini kwenye kodi ya nyumba na mgonjwa ndani, na kila kitu ndani yao kilikuwa kimesokotwa.

Nilimpigia yule kijana simu siku ya tatu baada ya bisibisi. Nilikuwa nimeandaa maneno. Aliposema "Pasta" maneno yote yalipotea. Nikamwambia, "Nilikukosea. Nilikubebesha kabla ya kukuangalia, na ulipoanguka nikakutukana kwa kipaza sauti." Akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Nilisikia yote, Pasta. Nilikuwa chini ya dirisha." Hakusema amenisamehe. Hakusema hajanisamehe. Aliniuliza keybodi bado inashika ile noti moja iliyokuwa imekwama. Nikasema bado.

Tumeonana mara mbili tangu hapo, kwenye kibanda cha chai, si ofisini. Hajarudi kanisani na sijamwambia arudi. Mara ya pili aliniambia hajanywa tangu mwezi wa nane, na sikushangilia kwa sauti, nilimwongezea chai. Mke wake anampokea kwa simu siku za Jumapili. Deni bado lipo, nusu yake, na sisi watu wawili tunajua linalipwaje ili asipite tena ule mlango.

Ninalowaomba, hasa timu ya sifa na vijana: msimtumie mistari. Msimwambie "tunakungoja kwenye keybodi." Najua ni upendo, na najua Jumapili zetu zimepwaya bila yeye. Ukikutana naye mjini, msalimie kama mtu, ununue chai, uongee habari za mpira. Akikuuliza habari za kanisa, mwambie. Asipouliza, usimwambie. Na yeyote kati yenu ambaye leo amebeba huduma na chini yake panatoa sauti ya tap, nitakuwa gereji kuanzia saa nane Alhamisi na Ijumaa, mlango uko wazi na fundi hasikilizi mambo ya watu. Sitakuvua cheo mbele ya watu. Tutakaa tu.

Jumamosi tunalishusha gari chini, tunakaza bushi, tunalipeleka kupimwa magurudumu. Mbele tumepaka rangi ya kuzuia kutu peke yake, bado ni jekundu upande mmoja, na ile lami nyeusi nimekataa irudi mpaka Mama aione weldingi kwa macho yake. Likipita salama, Jumapili saa mbili na nusu litakuwa getini kwake. Dereva ni fundi, hapendi mtu mwingine aliendeshe kwa sasa. Nyuma nimebakisha nafasi mbili kwa wazee wa upande ule. Mpigieni shemasi kabla ya Ijumaa jioni. Kiti cha mbele kimechukuliwa.

Mchungaji wenu.